Handaki Ndani ya Sweta

Mjukuu wangu alishushwa Ilula, huku kwetu Iringa, akiwa amefungwa kanga shingoni, ndani hana kitu, na ilikuwa Juni. Shangazi yake ndiye aliyemleta kutoka Mbeya, na yeye mwenyewe alikuwa anaendelea na safari ya Dar es Salaam. Alimteremsha kwenye ngazi ya basi, akanipa mfuko wa nguo zake, na kabla hatujamaliza salamu akasema, "Mama, huyu havai. Akiona gauni linamjia kichwani anapiga kelele utafikiri anachinjwa. Mtajuana wenyewe."

Konda akagonga bati, basi likaondoka. Tukabaki pale kwenye vumbi, mimi na yeye, tunatazamana.

Alikuwa hajafikisha miaka minne. Mama yake, mwanangu pekee niliyekuwa nimebaki naye, tulimzika mwezi uliotangulia huko Mbeya kwa wakwe zake, kwa ugonjwa ambao kila mtu msibani aliupa jina lake. Baba wa mtoto anaendesha malori ya Zambia. Ni mtu wa kuwa safarini hata anapokuwa amekaa sebuleni kwake.

Nilimtazama mtoto, halafu nikautazama mkono wangu wa kulia.

Watu wenye adabu wakiulizwa kilema chao husema walipata ajali. Mimi sikupata ajali. Aliyenivunja mkono ni mume wangu, kwa mchi, kwa sababu ugali ulichelewa. Aliyenifungia ndani ili watu wa zahanati wasije kuuliza maswali ni mama yake, akawa ananikanda kwa maji ya chumvi mpaka mifupa ikashikana ilivyotaka yenyewe. Aliyekuja kusuluhisha, akanywa pombe ya ulanzi ya bure na kusema hayo ni mambo ya ndani, ni mwenyekiti wa kitongoji. Mume amekufa, mama yake amekufa, mwenyekiti yupo na tukikutana barabarani ananipungia. Kiwiko changu hakikunji hadi leo, na vidole havishiki.

Mkono mmoja unafanya mengi, usidanganyike. Nachagua nyanya, najaza ndoo za sado, nawasha moto, nguo nafua kwa kuzikanyaga. Lakini kumvalisha mtoto asiyetaka kunahitaji mikono miwili, na ikiwezekana ya jirani pia.

Asubuhi ya kwanza nilijaribu. Nilichukua sweta lake la bluu, nikalitanua kwa mkono wa kushoto na meno, nikalipeleka kichwani kwake. Alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtoto. Akaning'ata, akakimbilia uvunguni, akakaa huko mpaka uji ukapoa. Jirani yangu, ninayepanga naye nyanya barabarani, alikuja mbio akidhani kuna nyoka.

"Kumbe nguo tu?" akasema. "Dada, hapo ni fimbo. Fimbo moja tu, huyo atavaa hadi koti la babu yake."

"Katika nyumba hii fimbo zimeshaliwa zote," nikamwambia. "Nilizila mimi."

"Haya. Basi subiri baridi imfundishe."

Baridi haikumfundisha chochote. Asubuhi alikaa jikoni na kanga yake, amejikunja kando ya mafiga, miguu imempauka kama majivu. Alikuwa anakula, anacheza, anacheka hata, lakini ukigusa nguo ya kupita kichwani, uso unajifunga.

Ndipo babu yake wa Mbeya akapiga simu. Ni mtu mzima mpole, mkulima wa mpunga kule Usangu, hapayuki.

"Mkwe, mtoto anavaa?"

"Anavaa kanga, baba."

"Kanga si ya kuvaa mtoto kwenye baridi hii. Huku wanasema mkono wako haukuruhusu. Mwezi wa nane tutakuja kumwona. Kama ni kweli tunayoyasikia, tutarudi naye."

Nyuma yake nikasikia sauti ya shangazi, kumbe ameshageuza kutoka Dar, "Mwambie aandae na mfuko kabisa!"

Nilikata simu nikakaa juu ya tenga. Nilikuwa nimebakiwa na mtu mmoja tu duniani wa kuniita bibi, naye angechukuliwa kwa ajili ya sweta.

Sasa nisimulie nilichokiona, maana mpaka leo kikinijia nikiwa napanga nyanya, mkono unasimama.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na boksi la mbao la kubebea nyanya, limevunjika ubavu. Mtoto alilifanya chombo chake. Analisukuma chini, anavuma kwa midomo, ndani amepanga magunzi. Siku hiyo nilikuwa nachambua maharage, simjali. Akachukua kipande cha gunia akawafunika wale magunzi wote, gubigubi. Akasukuma boksi kwa hatua fupi fupi. Akafunua. Akasema, "Kweupe!" Akafunika tena. Akasukuma. "Kweupe!"

Nikaacha maharage. Mtoto anayekimbia nguo kama moto, anawafunika wenzake gunia.

"Mjukuu wangu, hao umewafunika nini?"

"Wanapita handakini, bibi."

"Handaki gani?"

Alinitazama kama anamtazama mtu asiyewahi kusafiri. "La treni. La kwenda Mlimba, kuchukua mchele na mama. Treni inaingia, giza. Watoto wanalia. Mama anasema usilie, kuna mlango mbele. Halafu kweupe."

Kweli, mwanangu alikuwa akifuata mchele wa kuuza Mlimba kwa treni. Mimi njia hiyo sijawahi kuipita. Niliambiwa tu kwamba kule milimani imetobolewa, na treni hupita tumboni mwa mlima.

Nikamuuliza taratibu, kama mtu anayesogelea kuku, "Na sweta? Nalo si handaki?"

Akatikisa kichwa. "Kitenge cha shangazi hakina mlango mbele."

"Kitenge gani, mama?"

"Alinifunika. Akabana. Nikangoja kweupe. Aliponifunua mama wamembeba."

Hapo nikaelewa. Ni desturi ya baadhi ya watu huku kwetu, Mbeya na Iringa: jeneza likitolewa ndani, mtoto mdogo wa marehemu hufunikwa uso ili asione, eti asichoona hakitamjia ndotoni. Shangazi alifanya hivyo, kwa mikono yake miwili mizima, akabana kwa nguvu. Mimi nilikuwa chumbani nimeshikwa na akina mama wengine, sikuona. Kwa hiyo nimtaje naye: aliyemfanya mtoto huyu aogope nguo ni shangazi yake. Hakumpiga wala hakumtukana. Alimfunika tu. Na yule mtoto mle ndani ya kitenge, kwenye giza, alikaa akingoja mwanga alioahidiwa na mama yake.

Sikuweza kuendelea na maharage. Nilikuwa nadhani mtoto hajui kitu. Kumbe anajua kuliko sisi tuliokuwa tukipiga mayowe msibani. Alichokuwa anakataa ni giza lisilo na upande wa pili, na nani mwenye akili atalikubali hilo?

Kesho yake sikumwambia avae. Nilichukua sweta la vifungo, lililo wazi mbele, lisilopita kichwani, nikalitandaza mkekani. Nikasema kama najisemea, "Hii hapa njia ya treni. Lakini dereva sina."

Akasogea. Akachungulia mkono wa sweta. Akapiga ukelele mle ndani, akasikiliza. Halafu akaweka jicho kwenye tundu, akaona mwanga wa upande wa pili.

"Una mlango," akasema.

"Eee, una mlango."

Akaingiza ngumi yake. Mkono ukapita polepole huku anavuma. Vidole vilipotokea kule mbele vilijitandaza vyote kama vinapunga. Akaviangalia vidole vyake kana kwamba ni wageni. "Tumefika Mbeya!"

"Na mkono wa pili uende wapi?"

"Uende Iringa."

"Haya, treni ya Iringa."

"Bibi!" Akacheka, ananionea huruma. "Iringa hakuna treni."

"Basi liwe basi."

"Basi halipiti handakini."

"Linapita wapi?"

Akafikiri. Barabarani kwetu siku nzima wasafiri husimulia jinsi walivyopanda mlima Kitonga. "Linapita Kitonga. Linapanda pole pole, lisije likarudi nyuma." Basi mkono wa kushoto ukapanda Kitonga, kwa gia nzito, na kelele, na konda akipiga bati begani kwake mwenyewe. Tangu siku hiyo kila asubuhi mkono mmoja ulikwenda kwa babu yake wa Mbeya, mwingine ukabaki kwangu Iringa, na katikati yupo yeye. Mimi sikulipanga hilo. Mimi darasa la nne nililiacha kwa kukosa sare, nitapanga wapi mambo makubwa hivyo?

Vifungo tulivifanya nyanya. Hapa Ilula kila mtoto anajua biashara yetu: basi likisimama unanyoosha kapu juu, unapitisha mzigo dirishani kabla halijaondoka. Kifungo ndiyo nyanya, tundu ndiyo dirisha. Alikuwa anakaa kizingitini ulimi nje, anamwambia mteja wake, "Anko, pokea! Anko, usifunge dirisha!" Siku za kwanza basi liliondoka mara zote. Jirani yangu akipita alikuwa anamtania, "Wewe biashara itakufia!" Naye anajibu bila kuinua uso, "Linakuja lingine."

Ilifika asubuhi kifungo cha chini kikapita. Kimoja tu. Alikiangalia, akakigusa kwa kidole. Mimi ambaye vidole vyangu vya kulia havijapitisha kifungo tangu mama yake akiwa mtoto, nilikuwa nimesahau kwamba ni jambo kubwa, nyama laini kama ile kujua njia kwenye kitundu isichokiona.

Viatu alivitatua kwa ugomvi. Vikiwa vimekosewa miguu, anasema vimenuniana, kila kimoja kinaangalia kwake. Anavivua, anavipatanisha, ndipo anavaa.

Kilichobaki ni kichwa. Sweta la bluu lilining'inia ukutani na Julai ikawa inaisha.

Sikumsukuma. Nilikuwa navaa langu mbele yake, kwa namna yangu: kwanza mkono uliokufa, halafu kichwa, halafu mkono mzima. Ule uliokufa hukwama kila siku. Asubuhi moja alinitazama nikihangaika, akaja.

"Bibi, treni yako imezimika?"

"Injini mbovu, mama. Inavutwa."

Akaingiza mkono wake kwenye tundu la mkono wa sweta langu, kutoka nje, akatafuta, akashika vile vidole vyangu visivyoshika, akawa anavivuta huku anaviambia, kwa sauti ya mtu mzima, ya marehemu mwanangu kabisa, "Usilie, kuna mlango mbele." Vidole vilipotokea akavifuta kwa kanga yake. Hakuna aliyewahi kuushika mkono ule kama kitu kinachokwenda mahali.

Na siku chache baadaye, nilikuwa nje napuliza moto. Nikageuka nikaona sweta la bluu limesimama mlangoni halina kichwa.

Limesimama lenyewe, miguu miwili chini, juu hakuna mtu. Nilitaka kukimbia nimtoe, nikajizuia kwa kushika jiwe la jiko, nikaungua wala sikusikia maumivu. Ndani ya sweta kulikuwa na mvumo mdogo sana, ukakatika, ukaanza tena. Nimewahi kuona msitu wa misonobari kule Mufindi ukiwaka usiku na mchana, na mto Ruaha ukichukua ng'ombe wa watu. Hivyo ni vikubwa, lakini havikuwa na hiari. Hiki kilikuwa kitoto kilichoingia gizani kwa miguu yake, kilichojua kwamba mara ya mwisho kilipotoka kilikuta mama yake hayupo.

Sweta likatingishika. Nywele zikatokea, zimejaa manyoya ya sufi. Halafu paji. Halafu macho, yamefumbwa kwa nguvu. Akafumbua moja kwanza, akanitafuta.

"Bibi, upo?"

"Nipo."

"Kweupe," akasema, akashuka kwenda kunywa uji.

Mwezi wa nane wakaja, babu na shangazi. Babu aliketi kwenye kigoda na koti lake zito, shangazi akabaki amesimama, anapima nyumba kwa macho: paa, jiko, mkono wangu. Mtoto alikuwa na sweta lake na sketi, ila shangazi alishajiandaa kwa hilo.

"Kumbe umepata wa kumvalisha," akaniambia.

"Anavaa mwenyewe."

"Mama, mimi ni mzazi. Mtoto wa umri huu havai mwenyewe. Jirani amekusaidia asubuhi, siyo?" Akafungua mfuko wake, akatoa gauni jipya, la kitambaa kizito, lina kola ngumu, lina bitana, lina zipu mgongoni toka shingo hadi kiunoni. "Njoo mwanangu, shangazi akuvalishe."

Mtoto akarudi nyuma ya mguu wangu. "Nitavaa mwenyewe."

"Hili huliwezi. Zipu iko nyuma."

"Nitavaa."

"Mpe," akasema babu.

Alilipokea kwa mikono miwili. Akalitandaza mkekani, akaligeuza mbele, akaligeuza nyuma, anachungulia ndani kama mnunuzi asiyeamini nyanya za chini ya sado. Akavua sweta, akavua sketi. Akaingia gaunini kwa chini.

Gauni lilikuwa zito, na bitana ikamzunguka. Mkono mmoja ulikosa njia. Tukaona nguo inasukumwa huku, inasukumwa kule, ikatulia. Nilijua yuko pale pale alipowahi kuwa, na aliyempeleka huko siku ile amesimama hatua moja kutoka kwake. Kama angepiga kelele sasa, mfuko ungefungwa na jioni angekuwa kwenye basi.

Shangazi akanyoosha mkono. Na mimi wa kwangu ulikuwa umeshanyooka.

"Mwacheni," akasema babu.

Kutoka ndani ikaja sauti, imezibwa lakini safi. "Treni imezimika. Abiria msishuke. Bibi yumo. Babu yumo." Akapumua. "Na shangazi yumo. Shangazi usilie. Kuna mlango mbele."

Nilimtazama shangazi. Alikuwa ameshika mdomo wake.

Sijui mle ndani alilifanyaje lile gauni. Lilizunguka, likapinda, na kichwa kilipochomoza zipu ilikuwa mbele, kifuani pake. Akaiona. Akashika kile kiulimi chake, akakivuta juu hadi penye kola, pale kikagoma. Akatuangalia sote mmoja mmoja, kama anahesabu abiria.

"Amevaa nyuma mbele," shangazi akasema, lakini sauti haikuwa na nguvu.

"Zipu ataifungaje asiyoiona?" babu akajibu. Akamwita mtoto, akamshika kola, akaitazama ile zipu kwa muda mrefu. "Atakaa hapa," akasema. "Akifika umri wa darasa la kwanza tutaongea tena."

"Baba!"

"Nimeshasema."

Sikupiga vigelegele. Darasa la kwanza si mbali. Lakini niliokota sweta lake mkekani, nikalitundika ukutani, mahali pake.

Jioni niliwasindikiza barabarani. Babu alipanda kwanza kutafuta siti. Shangazi akabaki na mguu mmoja kwenye ngazi ya basi, akanigeukia.

"Mle ndani alikuwa anasema mlango gani?"

Nilikuwa nimeyangoja maneno hayo. Nikamwambia yote, waziwazi, nikimwangalia machoni: kitenge, namna alivyobana, na mtoto alichokuwa anakingoja. "Ni wewe," nikamwambia.

Hakubisha. Konda alikuwa anafoka apande au aachie mlango. Yeye akawa anaangalia chini, kwenye maganda ya nyanya.

"Na mimi nilifunikwa," akasema. "Siku ya kumzika mama yangu. Nilidhani ndivyo inavyosaidia. Hadi leo siwezi kulala taa ikizimwa, mama. Kaka zangu wananicheka."

Akapanda. Basi likaondoka, na maneno niliyokuwa nimembakizia yamekwisha ladha.

Nilirudi kwa njia ya mashambani. Nilipofika, jirani yangu alikuwa amekaa kizingitini akimchungulia mtoto ndani, anazuia kicheko kwa mkono.

"Njoo umwone mtu wako," akanong'ona. "Tangu mmeondoka, hajapumzika."

Gauni jipya lilikuwa katikati ya chumba, limesimama halina kichwa, linavuma. Likamtoa. Akalivua, akalitandaza, akachungulia ndani, akaingia tena.